Kiyoyozi kinakula uniti ngapi? Kifungie mita yake

Umenunua umeme wa 20,000 Jumatatu, Ijumaa LUKU, ile mita ya kulipia kabla, inapiga kelele. Wa kwanza kulaumiwa ni AC. Huenda ni kweli, huenda pia mla uniti ni friji ambalo mpira wa mlango umelegea. LUKU inahesabu nyumba nzima, haisemi nani kala. Na shilingi ni kipimo kibaya: kwa tarifu T1 (ya matumizi ya kawaida) uniti moja, yaani kilowati-saa moja, ni 292; ukiweka VAT 18%, REA (umeme vijijini) 3% na EWURA (mdhibiti wa nishati) 1% inafika 356 na ushee. Kwa hiyo 20,000 ni uniti 56, lakini ukinunua mara ya kwanza ndani ya mwezi, kodi ya jengo 1,500 inakatwa kwanza na unabaki na uniti 52 hivi. Pima kwa uniti, pesa utaipigia hesabu baadaye.

Dawa ni mita ndogo ya kupachika kwenye reli ya boksi la breka, iliyofungwa kwenye laini ya AC peke yake.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha AC

Kipo ubavuni mwa mashine ya nje. Kuna namba mbili ambazo watu huzichanganya. AC ya BTU 12,000 inahamisha joto la kilowati 3.5 kutoka chumbani kwenda nje; hizo si kilowati za umeme. Umeme unaoingia umeandikwa pembeni, kwa kawaida wati 1,000 hadi 1,200 kwa ukubwa huo. AC ni pampu ya joto, ndiyo maana inahamisha joto mara tatu hivi ya umeme inaokula. Andika wati hizo na ampea zake, utazihitaji hatua ya 5.

Hatua ya 2: Nunua mita inayofaa

Tafuta mita ya fezi moja, volti 230, hezi 50, ampea 40 au zaidi, daraja la usahihi 1 (kosa lisilozidi asilimia 1 hivi). Nyembamba kabisa ina upana wa milimita 18, yaani nafasi ya breka moja. Kabla ya kulipa, angalia usoni kama imeandikwa imp/kWh, mfano 1000 au 1600. Hiyo ni idadi ya mipepeso ya taa kwa kila uniti. Mita isiyo nayo iache dukani.

Vile vipimo vya kuchomeka kwenye soketi usivitumie kwa AC. Plagi ya ampea 13 ikibeba mzigo mkubwa saa nane mfululizo, miguu yake hupata moto na plastiki huanza kulainika. Klampu mita, ile inayobana waya, nayo inakupa ampea za dakika ile tu. Ukizidisha kwa volti unapata VA, si wati, na kwa AC ya inverter (ambayo kompresa yake hubadilisha kasi) ikizunguka polepole, tofauti inaweza kuwa kubwa.

Hatua ya 3: Kufunga

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Hata hivyo simama hapo uangalie, maana makosa yake yanajirudia.

Mita inakaa baada ya breka ya AC, ndani ya boksi la breka au kwenye kiboksi pembeni. Upande wa LUKU na sili zake hauguswi kabisa, hiyo ni mali ya TANESCO na kuichezea ni kosa la jinai.

Zima mein switchi, si breka ya AC pekee. Hakikisha umeme haupo kwa mita ya volti kati ya moto na nyutro, kisha kati ya moto na ethi. Bisibisi ya tesita ikikataa kuwaka si ushahidi wa kutosha.

Chomoa waya wa moto unaotoka kwenye breka kwenda AC, uingize kwenye tundu la kutokea la mita. Kipande kipya cha waya wa milimita za mraba 2.5, au unene uleule wa laini ya AC kama ni mnene zaidi, kinatoka kwenye breka kwenda tundu la kuingilia. Nyutro inafuata mchoro uliochorwa ubavuni mwa mita. Ethi haipiti kwenye mita.

Mambo matatu ndiyo huharibika. La kwanza, kuingilia na kutokea kugeuzwa: mita nyingine huwasha taa ya kinyume, nyingine hukaa kimya bila kuhesabu. La pili, boksi lina ELCB (swichi inayokata umeme ukivuja), moto umetoka chini yake halafu nyutro imechukuliwa kwenye baa ya juu yake. ELCB itaanguka mara tu AC inapowaka, na fundi atabadilisha AC guard (kilinda volti cha AC) wakati tatizo ni waya mmoja. La tatu, na ndilo baya kuliko yote, skrubu iliyokazwa juu ya insulesheni badala ya shaba. Inafanya kazi wiki mbili kisha inanuka. Menya waya urefu wa tundu, kaza, vuta kwa nguvu ya mkono, rudia kukaza baada ya wiki moja, umeme ukiwa umezimwa.

Usiweke mita kwenye nyaya zinazounganisha mashine ya ndani na ya nje. Kwenye inverter mmoja wa nyaya hizo unabeba mawasiliano, na hata ukipatia, utakosa upande mmoja wa matumizi.

Hatua ya 4: Ihakiki mita dhidi ya LUKU

Zima kila kitu ila AC, pamoja na friji na chaja. Mtu mmoja ahesabu mipepeso ya LUKU, mwingine ya mita mpya, mkianza pamoja. Tuseme LUKU ni 1000 imp na yako ni 1600: LUKU ikipepesa mara 100, yako inatakiwa ipepese 160. Ikitoka 157 hadi 163, endelea na kazi. Ikitoka 120, fungua tena mchoro.

Usihakiki kwa kutumia birika la umeme. Birika la wati 2,000 kwa volti 230 linakula wati 1,667 tu volti zikishuka hadi 210, na utailaumu mita bure.

Hatua ya 5: Soma wati za sasa hivi

Hesabu sekunde kati ya mpepeso na mpepeso. Wati = 3,600,000 ÷ imp ÷ sekunde. Kwa mita ya 1600, mipepeso 10 ndani ya sekunde 22.5 ni sekunde 2.25 kila mmoja, yaani wati 1,000. Afadhali uhesabu kumi na kugawa.

Linganisha na kibandiko, AC isiyo inverter ikiwa imewaka dakika 15 na kompresa inazunguka. Wati zikizidi kibandiko kwa kiasi kikubwa, mashine ya nje haipumui: mapezi yamejaa vumbi au chumvi ya bahari, au imebanwa ukutani. Wati zikiwa chini sana, tuseme 700 badala ya 1,100, na kompresa haipumziki usiku kucha, gesi imepungua. Tazama barafu kwenye bomba jembamba. Hapa bili inakudanganya, kwa sababu wati zimeshuka lakini saa zimeongezeka. Na kuongeza gesi bila kuziba panapovuja ni kununua tatizo lilelile tena.

Hatua ya 6: Usiku kwa usiku

Piga picha ya mita saa 4 usiku na saa 12 asubuhi. Andika nyuzi joto ulizoweka na kama mlango ulikuwa umefungwa. Badilisha kwa zamu: leo 23, kesho 26, keshokutwa 23, angalau usiku nane. Wiki nzima ya 23 ikifuatwa na wiki nzima ya 26 itakupotosha, kwani mvua moja ya Aprili Dar hubadilisha kila kitu.

Uniti 4.8 kwa saa nane ni wastani wa wati 600, kwa T1 kama shilingi 1,710 kwa usiku. Mwezi mzima ni uniti 144. Aliye kwenye D1, tarifu ya watumiaji wadogo wa nyumbani, aone hapo: uniti 75 za kwanza analipa 122 kila moja pamoja na kodi, ya 76 na kuendelea 427.

Mwisho, zima AC kwa rimoti na uitazame taa ya mita. Ikipepesa mara moja kila dakika saba na nusu kwenye mita ya 1600, kuna wati 5 zinazoliwa AC ikiwa imelala, uniti 3.6 kwa mwezi. Ukisafiri, shusha breka.