Namna ya Kuipanga Siku ya Kazi ya Mbunifu wa Tovuti

Mbunifu wa tovuti hufanya kazi yake mbele ya skrini pana, kivulini, akiwa na intaneti isiyokatika ovyo, ilhali wengi wa watakaoifungua kazi hiyo Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa wataifungua kwenye simu ya mkononi, wakiwa kituoni au dukani, kwa bando la siku moja. Mpangilio wa siku unaoelezwa hapa umekusudiwa kuizuia tofauti hiyo isisahaulike. Unamfaa zaidi anayefanya kazi peke yake na kuwahudumia wateja wa kawaida, kama shule, zahanati, duka la vipuri au nyumba ya wageni.

Anza asubuhi kwa kuzikagua tovuti ulizokwisha kuzikabidhi ambazo bado unalipwa kuzitunza. Zifungue kwa simu, tena kwa data ya simu yenyewe, uone kama ukurasa wa mbele unafunguka, kama fomu inatuma, na kama kivinjari hakitoi onyo la usalama. Tarehe za kulipia vikoa, yaani majina ya tovuti yanayoishia na .co.tz au .co.ke, ziandike kwenye kalenda mwezi mmoja kabla, kwa sababu mteja ambaye kikoa chake kimekwisha muda hatakumbuka kwamba malipo yalikuwa juu yake, atakupigia wewe. Ukaguzi huu hauzidi robo saa.

Kuanzia saa 2 hadi saa 6 mchana, chora na uandike msimbo, na WhatsApp ibaki imezimwa. Anza na upana wa pikseli (nukta za skrini) 360, ambao ni wa simu nyingi za bei ya kawaida, ndipo uupanue ukurasa kuelekea kompyuta; anayeanzia kwenye skrini kubwa huishia kubana vitu ambavyo havikukusudiwa kubanwa. Usitumie maandishi ya kujazia yasiyo na maana, bali mwombe mteja maneno yake halisi kabla hujaanza. Kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba sentensi nzima, na kichwa kama “Tunawahudumia” kwa herufi kubwa hukaribia kuujaza upana wa simu bila kuwa na mahali pa kukatiwa. Kila sehemu ndogo inapokamilika, ihifadhi kwa Git, programu inayotunza kila toleo la msimbo, na uitume kwenye seva ya mbali, maana umeme hautoi taarifa.

Baada ya chakula cha mchana, toka nje na simu yako, usimame juani, uusome ukurasa ulioutengeneza. Mwongozo wa ufikivu wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1, na zipo programu za kuipima, lakini jua la saa 8 mchana halibishaniwi. Maandishi ya kijivu hafifu, ambayo wabunifu tunayapenda kwa sababu nisizozielewa, hapo ndipo yanapotoweka.

Mchana huo huo shughulikia fomu, nazo zinastahili muda mrefu kuliko zinavyopewa. Niliwahi kukabidhi fomu ya kuandikisha wagonjwa ambayo ilikataa kila jina lenye ng’, na mapokezi wakawa wanawaandika watu majina yasiyo yao kwa wiki nzima kabla ya mtu kuniambia. Kosa lilikuwa langu. Alama ile ya juu huogopwa kwa kuwa katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ndiyo inayofunga maandishi, lakini dawa yake si kuipiga marufuku. Ni kutenganisha swali la hifadhidata na thamani anazoandika mtumiaji. Hata ukiiruhusu, kumbuka kwamba baadhi ya simu huweka alama iliyopinda badala ya iliyonyooka, hivyo jaribu zote mbili. Namba ya simu nayo ihifadhiwe kama maandishi, si kama tarakimu za hesabu, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea. Na fomu ikubali inayoanza na 07 pamoja na inayoanza na +255. Ratiba ya miadi ni mtego mwingine: msomaji wa Kiswahili akiona “saa 2” huelewa asubuhi kumekucha, wakati programu nyingi za kalenda huelewa usiku wa manane umepita. Andika “saa 2 asubuhi” kwa anayesoma, na uiache mashine ihesabu 08:00.

Picha ni kazi nyepesi ila haina budi kufanywa kila siku. Picha iliyotoka kwenye kamera ya simu mara nyingi huwa na megabaiti kadhaa. Ipunguze upana, uigeuze kuwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, na kwa kawaida itabaki chini ya kilobaiti 150 bila macho kuona upungufu.

Saa 10 jioni ndipo uwapigie wateja. Ukiwapigia asubuhi, kila mmoja atakupa jambo la haraka na mchoro utalala. Mabadiliko wanayoyataka kwa mdomo yaandike na kuwatumia ili wayathibitishe, ukitaja yaliyomo katika makubaliano na yale yatakayotozwa zaidi. Mteja anayesema “kitu kidogo tu” huwa hajui ukubwa wake, na si kosa lake.

Kabla ya kufunga kompyuta, chukua nakala rudufu ya tovuti uliyoigusa siku hiyo, pamoja na hifadhidata yake. Kama kazi imekamilika Ijumaa jioni, iache ingoje hadi Jumatatu asubuhi ndipo uipandishe, wakati wewe na kampuni inayohifadhi seva mkiwa macho. Kisha andika mstari mmoja juu ya msimbo ulipoishia, kwa mfano “fomu ya miadi: jaribu jina Ng’wanza kwa alama iliyopinda”, ili kesho ifikapo saa 2 usihitaji kujiuliza pa kuanzia.