Kabla hujajenga meza ya vita vya Mkwawa, soma hii kwanza

Wengi tukianza hii hobi ya kucheza vita vya zamani mezani kwa vijiaskari na dadu, tunaanza na kununua vijiaskari. Mi pia nilianza hivo, nikajikuta nina boksi zima la watu wa plastiki na pa kuwasimamisha hakuna zaidi ya kitambaa cha meza cha mama chenye maua. Kama unataka kucheza kampeni ya Wahehe na Wajerumani, kuanzia Lugalo 1891, Wahehe walipowashinda Wajerumani, mpaka Mlambalasi 1898, Mkwawa alipofia, anza na ardhi. Askari watakuja tu.

Na kabla ya kushika hata kisu, toka nje ukaangalie. Sisi wa Iringa hapa tumebebwa, uwanja wa vita wenyewe mtu unapita nao kwenye basi. Lugalo ipo njia kuu ya kwenda Moro, kuna mnara wa Wajerumani pale, shuka, simama, angalia mteremko ulivyo na yale mawe makubwa na vichaka vinavyoanza pale pale ulipo, halafu jiulize kama wewe ungeona mtu aliyelala humo na mkuki. Piga picha za udongo, sio za milima tu, udongo wa huku una wekundu wake na usipouona kwa macho utapaka rangi ya tofali. Kalenga, ngome ya Mkwawa, nayo sio mbali na mjini. Ukifika salimia kwanza, kamwene, omba ruhusa kabla ya kutoa simu, maana pale kuna fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954 na kwa wenyeji huyo ni babu yao, sio kivutio. Kuna mzee nilimweleza hili gemu langu akanisikiliza weee, mwisho akauliza, kwa hiyo mwanangu kwenye hiyo meza yako Mjerumani anaweza kushinda Lugalo? Nikamwambia shikamoo tena mzee, dadu ikikubali anashinda. Akasema basi hiyo dadu umeinunua kwa Mjerumani.

Kitu cha pili ambacho watu wanakosea sana ni msimu. Lugalo ilikuwa tarehe 17 Agosti, Kalenga ikaangushwa tarehe 30 Oktoba 1894, na Mkwawa akafa Julai 1898, yote hiyo ni kiangazi, sasa mtu anajenga meza ya kijani kibichi kama uwanja wa mpira wa Ulaya kwa sababu ndo alivyoona kwenye video. Hapana. Majani ya Agosti huku ni ya njano iliyokufa, vumbi, sehemu nyingine nyeusi pameungua. Oktoba ndo unaweza kuweka raha kidogo, ile miti ya miombo inatoa majani mapya mekundu kabla hata mvua haijanyesha, ukiipatia hiyo meza inapendeza mpaka mtu asiyejua gemu anasogea. Na tafadhali usiweke misonobari wala mikaratusi. Najua ndo miti tunayoiona kila siku ukipita Mafinga, lakini yale mashamba ya Sao Hill yamepandwa baadaye sana, Mkwawa hakuyaona.

Nyumba vilevile. Zinazouzwa tayari karibu zote ni za msonge, za Kizulu, na Mhehe alijenga tembe, nyumba ya pembe nne ya miti na udongo, paa bapa limefunikwa udongo. Bahati nzuri tembe ndo nyumba rahisi kuliko zote duniani kujenga, boksi la viatu, udongo laini uliochanganywa na gundi nyeupe ya mbao, vijiti vinachungulia chini ya paa, umemaliza.

Kipimo kiamue mapema na usikibadilishe katikati. Mi natumia 28 mm, maana yake mtu mzima ana urefu kama huo, na mita moja ya kweli inakuwa kama sentimita 1.6 mezani. Ukuta wa mita 3 unakuwa sentimita 5 hivi. Hiyo ni kwa vitu vya kusimama tu, umbali usijaribu, mita 300 ya bunduki kwa kipimo hicho ni mita 5 za sakafu na wewe unakaa chumba na sebule. Kama nafasi au hela ni ndogo nenda 15 mm, wala hakuna atakayekucheka.

Sasa meza. Hapa ndo penye akili yote. Usijenge meza moja kubwa iliyoganda. Nunua plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8, mwambie fundi akukatie vipande vya futi 2 kwa 2, unapata vinane. Sita ukivipanga una meza ya futi 4 kwa 6 ya kuchezea Kalenga, viwili vinavyobaki unachora mto Ruaha Ndogo. Halafu vile vile sita ukivipanga mstari mmoja unapata futi 2 kwa 12, nyembamba ndefuuu, na hiyo ndo Lugalo. Maana Zelewski, kamanda wa Wajerumani, yule waliyemwita Nyundo, hakupigana kwenye uwanja mpana, alikuwa anatembea na msafara umejipanga kama siafu njiani, askari wapatao 320, wapagazi, punda wamebeba mizinga, na Wahehe wakatoka pembeni karibu kabisa, kazi yote ikaisha kwa dakika chache na yeye mwenyewe akafia pale. Ukiijenga kwenye meza pana, mchezaji wa Kijerumani anageuza mstari, anapanga mzinga, anapumua, na hapo umeshaharibu kila kitu. Mi meza yangu ya Lugalo inaanzia jikoni inaishia koridoni, mke wangu anaipita kwa kuruka.

Vipande vyote paka rangi juu NA chini, na pembeni. Rangi ya maji ukiipaka upande mmoja tu ubao unakunjika kama chapati, mi vyangu viwili vya kwanza mpaka leo vinacheza cheza.

Vilima nilitengeneza kwa ile povu nyeupe inayokuja kwenye boksi la TV, maduka ya vifaa vya umeme wanakupa bure ukiomba vizuri. Ila sikiliza. Usiipulizie rangi ya spreyi ikiwa wazi. Mi nilipuliza kilima changu kizuri usiku, nikaenda kulala nafurahi, asubuhi nimekuta kitu kama jibini lililotafunwa na panya, ile dawa ya kwenye kopo inayeyusha povu, na supagluu nyingi nazo zinafanya hivohivo. Kwa hiyo kwanza visha kilima chako jipsamu au gundi nyeupe na mchanga, kikauke kabisa, ndo upake, na upake rangi ya maji kwa brashi. Kukauka kwenyewe kunategemea, Januari na mvua zake unaweza kusubiri siku mbili tatu, kwa hiyo kazi za gundi nyingi zifanye kiangazi.

Majani na vichaka usiagize nje. Unga wa mbao wa mashine za Mafinga ni bure gunia zima, uchekeche, uloweke kwenye rangi ya maji iliyozimuliwa, anika. Dodoki likichanwachanwa ni kichaka tayari. Katani ni majani marefu. Shina la mti ni waya wa kufungia nondo uliosokotwa. Kitu kimoja tu, usigandishe kwa uji wa ngano ili kubana matumizi, panya wa nyumba ninayokaa walikula msitu wangu wote wakaacha waya.

Hesabu ya watu ifanye kwenye karatasi kabla ya kutoa hela. Kijiaskari kimoja kikisimama badala ya watu kumi, msafara wa Zelewski ni askari 32 tu, hiyo inawezekana. Wahehe wanatajwa kuwa kama 3,000, yaani vijiaskari 300, hiyo utapaka mpaka uote mvi, kwa hiyo nunua 80 na weka sheria kwamba waliokufa wanarudi kutokea vichakani. Mabox ya Wazulu yanafaa ila toa manyoya, wape mavazi ya kitambaa, ngao ndefu waachie. Na usisahau punda na wapagazi! Watu wote wanasahau punda. Bila punda wanaokurupuka katikati ya msafara na mizinga mgongoni huna Lugalo, una gwaride.

Vikikamilika vihifadhi vikiwa vimesimama wima kama sahani, na kipande cha ile povu katikati, la sivyo vilima vinasagana. Vya mto mi naviweka juu kabisa ya kabati, mtoto wangu anajaribu kuvua samaki humo.