Kabla ya Kuwekewa Chuma cha Taya: Mambo ya Kuzingatia

Aliyevunjika taya Nairobi, awe ameanguka na bodaboda au amepigwa, kwa kawaida huambiwa tu kwamba atawekewa chuma. Kabla hujatia sahihi fomu ya upasuaji, muulize daktari: chuma hicho kitabeba mzigo peke yake, au kitasaidiana na mfupa?

Unapotafuna, upande wa juu wa taya la chini, karibu na meno, huvutwa, na ukingo wa chini hubanwa. Katika miaka ya 1970, daktari wa upasuaji Maxime Champy na wenzake wa Strasbourg, Ufaransa, walionyesha kwamba pleti ndogo, yaani kibamba cha chuma, yenye skrubu za milimita 2, zinazoingia ganda la nje la mfupa tu, inatosha ikikaa pale panapovutwa. Pleti huzuia ufa usifunguke, na vipande vya mfupa vinavyosukumana hubeba mzigo uliobaki. Kwenye kona ya taya, nyuma ya gego la mwisho, mara nyingi pleti moja hutosha. Kidevuni taya pia husokotwa kama nguo inayokamuliwa, kwa hiyo huwekwa pleti mbili. Mwenye mbili asidhani ameumia zaidi ya jirani yake wodini.

Hesabu hiyo huharibika mfupa ukisagika, kipande kikipotea, au taya likiwa jembamba kama la mzee asiye na meno. Hapo hakuna cha kusukumana. Huhitajika pleti nene, yenye skrubu 3 au zaidi kila upande, zinazopenya hadi ganda la ndani. Ili ijulikane taya limevunjika wapi na kwa kiasi gani, usikubali eksirei moja pekee: pigo la kidevuni linaweza kuvunja pia shingo ya taya karibu na sikio, na picha ya pembe moja huficha ufa.

Mdomo wa chini ukiwa umekufa ganzi, sema sasa, daktari aandike kwenye faili. Mshipa wa fahamu hupita ndani ya taya, na ni muhimu ijulikane kama uliumia siku ya ajali au wakati wa upasuaji. Meno ya bandia nenda nayo, hata yakiwa yamevunjika, kwani husaidia kupanga jinsi meno yatakavyokutana. Meno yasipokutanishwa kabla ya skrubu kukazwa, chuma kitalishikilia kosa hilo hilo.

Acha sigara mapema. Panga pia chakula laini cha wiki 4 hadi 6: uji, ndengu zilizopondwa, supu. Nyama choma, mahindi ya kuchoma na miraa zisubiri, maana skrubu ikilegea mfupa huchezacheza, na usaha huanzia hapo.

Ukifungwa meno kwa waya, omba uonyeshwe ni waya zipi za kukata ukitapika, na mkasi wake uwe nao mfukoni hata ndani ya matatu.