Ukitaka Kuimba Dancehall, Anza na Ridimu Moja

Vijana wanaokuja kurekodi dancehall, muziki wa Jamaika, kwangu hapa Kisauni, Mombasa, huanza kwa kuuliza saa moja ya studio ni pesa ngapi. Pesa yako itunze kwanza. Tafuta ridimu moja, ule mdundo unaoimbiwa na wasanii wengi, ukae nayo mpaka uweze kuipiga mezani kwa vidole.

Mimi huwapa Diwali, ya Steven "Lenky" Marsden wa Jamaika. Sikiliza "No Letting Go" ya Wayne Wonder, halafu "Get Busy" ya Sean Paul, iliyoshika namba moja Marekani mwaka 2003. Makofi ya mdundo ni yaleyale. Wayne Wonder anavuta sauti juu yake bila haraka. Sean Paul anayafukuzia kwa maneno. Sasa pakua mdundo mtupu utafute njia ya tatu.

Kabla hujaandika, piga meza. Ridimu nyingi za dancehall zinaenda hivi: hesabu moja mpaka nane, gonga kwenye moja, nne na saba. Kiswahili nacho huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ba-HA-ri, sa-FA-ri. Hiyo HA ikutane na pigo. Ikikosana nalo, ubeti mzuri unasikika kama mtu anayejikwaa. Na usiridhike na kina cha herufi moja: "naja" na "napita" hazijafika, "hatari" na "safari" zimefika. Mombasa hii watu walijibizana kwa vina na mizani tangu enzi za mshairi Muyaka, kwa hiyo sioni sababu ya kubabaisha patwa, lugha ya mitaani ya Wajamaika. Msanii wetu wa Kenya, Redsan, alishatuonyesha kwamba Kiswahili kinakaa vizuri juu ya dancehall.

Ukishapata beti mbili, nenda penye watu: harusi, disko la mtaa, popote selekta, yule anayechagua na kupiga nyimbo, atakapokuachia maiki kidogo. Hapa ndipo namtaja Yellowman, msanii wa dancehall wa Jamaika. Winston Foster, ndilo jina lake halisi, alizaliwa na ualbino, akalelewa katika vituo vya watoto Kingston, akidharauliwa kwa rangi yake. Hakuificha. Aliposhika maiki kwenye saundi ya Aces International, yaani kundi la kupiga muziki kwa spika zake, alijisifu kwa rangi hiyohiyo, akajiita kipenzi cha wanawake, na umati ukamfuata. Mwaka 1984 albamu yake, "King Yellowman", ilitolewa na Columbia, kampuni kubwa ya Marekani. Nikikumbuka wanayotendewa ndugu zetu wenye ualbino Afrika Mashariki, ujasiri wake unanigusa zaidi. Basi lile wanalokuchekea, liweke kwenye ubeti wa kwanza, ulitamke wewe kabla yao.

Ukiwa jukwaani, sikiliza umati kuliko unavyojisikiliza. Kuna mstari mmoja utawafanya wapige kelele mpaka selekta airudishe ngoma mwanzo. Mara nyingi si ule uliokesha nao. Huo ndio kiitikio chako. Beti nyingine zijengwe kuuzunguka. Usiporudishiwa ngoma, badilisha mistari, rudi wiki ijayo.

Hapo sasa njoo studio. Kama mdundo si wako, andikianeni na mwenyewe kabla ya kutoa wimbo: nani anamiliki nini, na mapato yanagawanywaje. Wimbo ukiwa tayari, wapelekee maselekta waliokupa maiki, kisha makondakta wa matatu. Abiria akiuliza huyu ni nani, kondakta awe na jina lako.