Ukialikwa Nyumbani kwa Watu Maskati

Sisi wa Lamu tukienda Omani, mara nyingi hupata wa kutukaribisha. Maskati wako wengi wanaozungumza Kiswahili, hasa familia zilizotoka Zanzibar. Mimi hubeba kofia ya kushonwa kwa mkono na achari ya maembe, kamwe si pesa.

Vua viatu mlangoni, toa salamu. Anza na tende, ndipo kahawa. Kikombe kipokee kwa mkono wa kulia. Hakijazwi, na mwenyeji ataendelea kumimina mpaka ukitikise kidogo unapomrudishia, usipokitikisa, utaongezewa. Viwili vitatu vyatosha. Halua nayo uionje hata kama umeshiba, tafadhali, wameitoa kwa moyo.

Wanawake huwa na chumba chao, na huko ndiko mazungumzo yanakonoga. Ukifika nyumbani, mpigie simu mama mwenye nyumba umshukuru.