Jinsi ya kujua kama kemikali kweli ndo inatanua mishipa ya ubongo wa kichanga

Wengi wamekariri kwamba nitriki oksaidi, gesi ambayo mishipa yenyewe inaitengeneza, ndo inatanua mishipa ya ubongo, basi. Kwa mnyama mkubwa sawa, ila kwa aliyezaliwa juzi mzigo mkubwa unabebwa na prostaglandini, yaani kundi la kemikali ambazo mwili unajitengenezea, hasa mbili kati yake, prostasaiklini na prostaglandini E2, kwa hiyo usiende na majibu ya wakubwa mfukoni.

Anayetumika sana ni kitoto cha nguruwe, maana ukuaji wa ubongo wake anapozaliwa unakaribiana na wa binadamu. Analazwa kwa dawa ya usingizi, anapumulishwa kwa mashine, afu kwenye fuvu kinawekwa kidirisha cha kioo na chini yake yanajazwa maji yanayofanana na maji ya ubongo. Kwa hadubini unaviona vishipa vya juu ya ubongo, unapima kipenyo. Usidharau badiliko dogo!! kipenyo kikiongezeka asilimia 10 tu, presha ikiwa ile ile, damu inayopita inapanda karibu asilimia 46.

Pima presha na gesi za damu kila hatua. Kaboni dioksaidi yenyewe inatanua mishipa, ikipanda bila wewe kujua utaisifia kemikali ambayo haijafanya kitu.

Sasa kazi yenyewe. Mpe hewa yenye kaboni dioksaidi, mishipa itanuke, andika, iache irudi. Mpe indomethasini, hii inazuia prostaglandini zisitengenezwe, afu rudia. Mtanuko unakufa karibu wote. Hakikisha mshipa wenyewe bado mzima, weka isoproterenoli, dawa ya kutanua mishipa ambayo haihitaji prostaglandini, ukitanuka ujue misuli ya mshipa ipo sawa.

Hapo ndo watu wanafunga daftari, eti prostaglandini ndo mjumbe. Ngoja kwanza! Weka iloprosti kidogo, ni dawa inayoiga prostasaiklini, kiwango kile kile bila kukipandisha, urudie kaboni dioksaidi. Mtanuko unarudi. Sasa jiulize, kama kiwango hakijapanda ujumbe umeletwa na nani? Prostasaiklini hapo ni kama mlinzi wa geti, anafungua tu, anayeingia ni mwingine. Mimi naona hii hatua ya kurudisha ndo ya maana kuliko zote na ndo inayorukwa sana, maana kuzuia peke yake kunakuambia kitu kinahitajika, hakukuambii kinafanya kazi gani.

Usisahau pia kaboni monoksaidi, ndio hiyo hiyo gesi ya sumu, ubongo wa kichanga unatengeneza kidogo na inatanua vishipa kwa kufungua njia za potasiamu, yaani vitundu vya kupitisha potasiamu kwenye seli za misuli ya vishipa hivyo. Upande wa kubana mishipa zipo kemikali nyingine za mwili, endothelini na thromboksani.

Na kila kipimo kiandikie umri kwa siku, usiseme tu "mdogo", kwa sababu nguruwe akikua kidogo nitriki oksaidi inaanza kushika nafasi na indomethasini ile ile haikupi tena jibu lile lile.