Kuchagua mashine ya kubangulia korosho na kujifunza kuitumia

Anayetaka kubangua korosho kwa biashara, awe Newala, Tandahimba, Ruangwa au Nachingwea, kwa kawaida hukutana kwanza na muuzaji anayesifia kasi ya mashine yake. Kasi isiwe kipimo cha kuanzia. Soko la korosho karanga, yaani zilizokwisha kubanguliwa, hulipa zaidi punje nzima nyeupe, na madaraja yake huhesabiwa kwa idadi ya punje katika ratili moja, yaani W240 ni punje kubwa zisizozidi 240, na W320 ni ndogo zaidi. Punje iliyopasuka huondoka kwenye madaraja hayo hata kama ni tamu vilevile, kwa hiyo mashine inayomaliza magunia mengi kwa siku huku ikivunja punje nyingi itakuchosha bila kukulipa.

Jambo la pili ni ukubwa wa mashine ukilinganishwa na korosho ghafi unayoweza kuipata kwa mwaka mzima, si wakati wa msimu tu. Kusini mwa Tanzania tumeshaliona hili. Viwanda vikubwa vilivyojengwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa mikopo ya Benki ya Dunia vilihitaji korosho nyingi mno, wakati mavuno ya nchi, yaliyokuwa yamefika takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, yalikuwa yakiporomoka. Vingi vilisimama, na baadhi ya majengo yakaishia kuwa maghala. Kwa kikundi au familia inayoanza, mashine ya meza inayoendeshwa kwa mkono na kanyagio inatosha kabisa, na mtambo wa umeme usubiri hadi uwe na uhakika wa mzigo.

Usinunue kwa kuangalia rangi. Beba korosho zako mwenyewe, kubwa na ndogo, uombe zibanguliwe mbele yako. Angalia kama visu viwili vinakutana sawasawa bila kupishana, kama nafasi iliyo kati yake inarekebishwa kwa boliti na kubaki pale ulipoifunga, na kama springi inarudisha kanyagio bila kusukumwa. Uliza pia visu vya akiba vinapatikana wapi, maana mashine ambayo kisu chake lazima kiagizwe kutoka mbali ni hasara iliyoahirishwa. Fundi wa karibu anayeweza kunoa na kuchonga vipuri ana thamani kuliko punguzo la bei, na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia. Masharti ya usajili wa mbanguaji yaulizwe mapema Bodi ya Korosho, ambayo makao yake makuu yako Mtwara mjini.

Kujifunza kunaanza kabla ya kukaa kwenye mashine. Korosho huchambuliwa kwa ukubwa, kwa sababu kisu kilichopangwa kwa korosho kubwa hakilifikii vyema ganda la ndogo, na kile cha ndogo huikata punje ya kubwa. Kisha hupikwa kwa mvuke na kuachwa zipoe kivulini, mara nyingi hadi siku ya pili, ili ganda likauke na kuwa rahisi kupasuka huku punje ikijitenga nalo. Wanafunzi wengi huilaumu mashine kwa kosa lililofanyika kwenye pipa la mvuke.

Ukikaa, weka korosho ili mkunjo wake ufuate mkunjo wa kisu, bonyeza kanyagio polepole hadi visu viingie ndani ya ganda, kisha vuta mkono wa mashine ili ganda lifunguke. Mguu unakata na mkono unafungua. Anayetumia mguu kufanya kazi zote mbili huvunja. Kwa korosho za mwanzo, simama baada ya kila moja uitazame punje. Ikiwa ina mchano mweupe kwenye ganda lake la ndani, visu vimekaribiana mno, na ikiwa ganda limepondeka bila kufunguka, vimeachana mno. Rekebisha kidogo kidogo, ujaribu tena, na usihesabu kasi yako hadi mguu uzoee.

Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, na huu si usemi wa kutishia watoto. Vaa glovu, au upake mikono mafuta ya kupikia na kuyarudia kila yanapopungua, usiguse macho, na anayetoa punje asiwe na vidole vilivyolowa mafuta ya ganda, kwa kuwa punje iliyochafuka hubadilika rangi na kushushwa daraja. Kwa sababu hiyo ni vyema wawili wafanye kazi pamoja, mmoja akibangua na mwingine akichokoa punje kwa kisu kidogo na kuzitenga nzima na vipande papo hapo.

Jioni, futa visu kabla mafuta hayajagandia, kaza nati zilizolegea, na utie grisi kwenye maungio, mbali na mahali punje inapopita.